Diski ya Nne Haikutupwa

Mimi ni karani wa nyaraka. Kazi hii nimeifanya hapa Changamwe tangu siku za taipureta na karatasi ya kaboni, kwenye ofisi za mawakala wa kutoa mizigo, na kwa miaka mingi kompyuta niliihesabu kuwa ya vijana. Niliitumia kwa kuwa lazima itumike. Ikikwama, niliinuka nikamwachia mwenye umri wake. Leo mambo ni mengine. Kila asubuhi, kabla kaunta haijafunguliwa, nakaa mbele ya skrini nyeusi, naandika cat /proc/mdstat, nasoma mistari michache inayotoka, kisha natia tiki na saa kwenye daftari langu la kazi. Ofisi za jirani zikipata tatizo la seva hunipigia mimi kwanza. Nataka kusimulia kilichonibadilisha, na sitaki kukisimulia juujuu, maana ndani yake mna elimu ambayo wengi wenye seva ndogo ofisini hawajapewa, na siku yao itakapofika wataihitaji.

Anayepita Changamwe kwenda uwanja wa ndege, au kupanda treni Miritini, huona malori. Sisi tunaoshinda hapa twajua kwamba nyuma ya kila lori kuna karatasi: BL (hati ya shehena), ankara, orodha ya vifurushi, hati ya forodha, oda ya kutolea kontena, risiti ya ushuru, na mzigo ukiwa wa Uganda au Kongo, basi na hati za dhamana ya safari juu yake. Kontena likilala yadi kwa sababu karatasi moja imepotea, gharama ya kulihifadhi yapanda kila kukicha, na anayeumia ni mtu: mama mwenye kibanda cha mitumba Kongowea, kijana aliyekopa ili aagize gari Japani. Tena mzigo ukishatoka, kazi haijaisha. Sheria ya Kenya ya Taratibu za Kodi ya mwaka 2015 yataka kumbukumbu zitunzwe miaka 5, na mkaguzi aweza kuja kuuliza habari za mzigo ambao mwenyewe ameshausahau.

Ofisi yetu iko upande wa Magongo. Changamwe imekaa baina ya maji mawili, kreki ya Port Reitz huku na ya Tudor kule, na hewa yake imebeba chumvi. Chuma kisichopakwa rangi huliwa na kutu, karatasi huvimba na kuota ukungu. Ndiyo maana mwenye kampuni aliamua kila kitu kiskaniwe. Ikaletwa seva ya Linux, ikawekwa kwenye chumba kidogo chenye kiyoyozi. Mfumo wenyewe ulikaa kwenye diski ndogo peke yake. Nyaraka zikakaa kwenye diski kubwa nne, kila moja terabaiti 4, zilizofungwa pamoja kwa mtindo wa RAID 5.

Fikra ya RAID ilielezwa mwaka 1988 na David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Walisema: badala ya kununua diski moja kubwa ya bei ghali, chukua kadhaa za bei nafuu, zifanyishe kazi pamoja, na uweke ziada itakayoziba pengo moja yao ikifa. Kwenye Linux kazi hiyo hufanywa na mfumo wenyewe bila kadi maalumu, na chombo cha kuisimamia ni programu iitwayo mdadm, aliyoianzisha Neil Brown wa Australia mwaka 2001. Mtu wa leja ataielewa mara moja. Chukua tarakimu tatu na jumla yake chini. Futa tarakimu yoyote moja: ukiwa na mbili zilizobaki na jumla, utaipata iliyofutwa. RAID 5 hufanya hivyo kwa kila kipande cha data, isipokuwa ile jumla, iitwayo pariti, haikai kwenye diski moja. Huzungushwa kwa zamu katika diski zote nne. Ikipotea diski moja, hesabu inarudi. Zikipotea mbili, hesabu haina pa kuanzia.

Usiku wa Ijumaa, tarehe 25 Agosti 2023, stima ilikatika karibu nchi nzima. Kwetu ilianza kwa kupepesa, ikaenda ikarudi, mwisho ikaenda kabisa. Betri ya UPS ikajikaza kidogo nayo ikaisha. Stima iliporudi, seva iliwaka vizuri tu, lakini folda ya nyaraka ilikuwa tupu. Kwenye skrini palikuwa na neno moja la kuogofya kando ya jina la kundi letu la diski: inactive. Halijaanza, wala halitaki kuanza.

Tulipofungua ofisi asubuhi, simu hazikunyamaza. Kulikuwa na makontena yaliyotakiwa kutoka, na dereva mmoja wa kwenda Malaba alikuwa amekaa kwenye ngazi yetu akisubiri nakala. Kila mtu alikuwa na rai yake. Mmoja alisema tulizime na kuliwasha tena mpaka likubali. Mwingine, kwa simu, alishauri kundi liundwe upya kwa amri ya --create, ati data yenyewe itajitokeza. Wa tatu alisema ile diski ya nne ni mbovu, itolewe itupwe, au irudishwe kundini kwa nguvu ijengwe upya. Mwenye kampuni, ambaye ni mtu mpole, alisema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake kwamba fanyeni lolote, bora liwe leo.

Ndipo alipoingia binti mmoja wa Chaani, aliyeitwa na mhasibu wetu. Amesomea Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, pale Tudor, na babake alikuwa fundi wa mitambo refaineri kabla usafishaji wa mafuta haujasimama mwaka 2013.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu, karibu."

"Kuna mtu ashaandika amri yoyote tangu iwake?"

"Bado. Wabishana tu."

"Alhamdulillahi. Basi nipe karatasi na kalamu."

Nilimpa daftari langu mwenyewe. Badiliko langu lilianzia hapo, ingawa wakati ule sikulitambua. Nilitarajia aguse kibodi, na yeye alianza kuandika kwa mkono. Alizima mashine, akatoa diski moja baada ya nyingine, akanisomea nambari za usajili zilizoko kwenye kibandiko cha kila moja, nami nikaziandika. Akabandika karatasi ya gundi juu ya kila diski, yenye herufi: A, B, C, D. Alinieleza sababu: majina ambayo Linux huzipa diski, sda, sdb na kuendelea, yaweza kubadilika kila mashine inapowashwa, na watu wengi wamefuta diski nzima wakidhani wanafuta mbovu kwa kuliamini jina hilo. Nambari ya usajili haibadiliki. Mimi nimeishi kwa nambari za makontena. Neno hilo lilinikaa papo hapo.

Kisha alianza kuzihoji. Kila diski iliyo kundini ina sehemu ndogo karibu na mwanzo wake, iitwayo supabloki, ambamo mdadm huandika diski hii ni ya kundi gani, imekaa nafasi ya ngapi, data yake yaanzia wapi, mara ya mwisho iliandikwa lini, na hesabu ya matukio ambayo kundi limepitia. Amri ya mdadm --examine huyasoma yote hayo bila kubadilisha kitu. Alinisomea, nikaandika kwa safu. A ilikuwa na matukio 48,211. B nayo 48,211. C ilikuwa na 48,207. D ilikuwa na 31,950, na tarehe yake ya mwisho kuandikwa ilikuwa 14 Machi.

Palikuwa na mstari mwingine ambao bado wanisisimua nikiukumbuka. Kila diski hueleza hali ya kundi kama ilivyoijua mara ya mwisho: herufi A kwa kila mwenzake aliye hai, nukta kwa aliyekosekana. D ilisema AAAA. Yaani ilipotoka, kwa ufahamu wake wote wanne walikuwa hai, kwa kuwa aliyetolewa haandikiwi habari za kutolewa kwake. C ilisema AAA na nukta moja: ilijua D hayupo. A na B zilisema AA na nukta mbili: zilimwona D akitoka, kisha zikamwona C akitoka. Mashahidi wanne, kila mmoja akisema alichokiona mpaka pale alipoondoka, na maneno yao hayakugongana hata mahali pamoja.

"Mzee," binti akaniuliza, "tarehe 14 Machi kulitokea nini hapa?"

Nilifungua daftari la nyuma. Nimezoea kuandika kila kinachotokea ofisini, hata balbu ikiungua. Siku hiyo nilikuwa nimeandika kwamba kiyoyozi cha chumba cha seva kiliharibika, fundi ameitwa. Na Machi ndio mwezi wa joto letu kubwa. Binti hakurukia kusema joto ndilo lililoiua. Alisema wahandisi wa Google walichunguza diski zaidi ya laki moja na mwaka 2007 wakaandika kwamba uhusiano wa joto na kufa kwa diski ni mdogo kuliko watu wanavyodhani. Lakini siku yenyewe ilikuwa imethibitika kutoka pande mbili, mashine na daftari, na hilo lilimpa uhakika kwamba saa ya seva haikudanganya.

Tangu Machi kundi letu lilikuwa likitembea na diski tatu, bila akiba, na hakuna aliyejua. Seva ilikuwa ikiandika barua ya onyo kila siku. Barua zilikwenda kwenye sanduku la ndani la msimamizi wa mashine, mahali ambapo hakuna binadamu aliyekuwa akisoma. Aliyeifunga seva alikuwa ameshaondoka, na hakuacha maelezo. Nililisoma lile rundo la barua mojamoja, na nakiri liliniuma. Onyo lilikuwepo miezi yote ile, limeandikwa vizuri, na tarehe, na jina la diski.

Hatua iliyofuata ilikuwa afya. Kila diski hujipima yenyewe na kuhifadhi matokeo kwa utaratibu uitwao SMART, na amri ya smartctl huyaonyesha. Alinifundisha nambari nne za kuangalia. Ya 5 ni sekta zilizokufa zikapewa mbadala. Ya 197 ni sekta ambazo diski imeshindwa kuzisoma na zasubiri hatima yake. Ya 198 ni zile zilizoshindikana wakati wa upimaji. Ya 199 ni makosa ya mawasiliano kati ya diski na ubao wa mashine, na hiyo mara nyingi ni habari ya waya, diski yenyewe haina kosa. D ilikuwa na sekta 312 chini ya nambari ya 197. Hiyo kweli ilikuwa mgonjwa. Lakini C, ambayo nayo tuliidhani imekufa, haikuwa na sekta mbovu hata moja. Nambari yake ya 199 ndiyo ilikuwa imepanda kupita kiasi. Akachukua tochi akachungulia. Kebo ya data ya C ilikuwa imelegea, na vishikio vyake vimeshika kutu ya kijani. Chumvi ya Changamwe. Stima ilipopepesa, mawasiliano yalikatika kwa sekunde chache, na mfumo ukaitoa C kundini.

Hata habari ya D kutolewa Machi ilikuwa na maelezo yake. Diski zetu zilikuwa za aina ya kompyuta za mezani. Diski ya aina hiyo ikikuta sekta isiyosomeka hung'ang'ana nayo, wakati mwingine dakika mbili na zaidi, kwa kudhani iko peke yake na hakuna nakala nyingine. Linux, kwa desturi yake, husubiri sekunde 30 tu, kisha huikata na kuianzisha upya. Diski bado imezama kwenye kazi yake na haijibu, na kundi lahesabu kwamba imekufa. Diski zilizotengenezwa kwa ajili ya makundi huwekewa kikomo cha sekunde 7: diski ikishindwa yasema imeshindwa, kundi linakokotoa kipande kile kutoka kwa wenzake, laandika upya, na maisha yanaendelea. Kwa zile zisizokubali kikomo hicho, dawa ni kuiambia Linux isubiri sekunde 180. Ni mstari mmoja tu wa maandishi. Nimeona ofisi zikinunua diski mpya kila mwaka kwa kukosa mstari huo.

Mwenye kampuni aliambiwa anunue diski nne mpya. Akauliza kwa nini nne ilhali zilizoharibika ni mbili. Binti akamjibu kwa adabu, "Bosi, bado sijui zilizoharibika ni ngapi." Alikataa katakata kujaribu chochote juu ya diski za asili. Alimweleza yale mashauri ya asubuhi yangefanya nini. Amri ya --create huandika supabloki mpya juu ya zile za zamani, yaani ule ushahidi niliokuwa nimeuandika daftarini ungefutika. Na mpangilio wa diski ukikosewa, au mahali pa kuanzia data, kundi lingeanza kusawazisha pariti na kuandika takataka juu ya nyaraka. Kuirudisha D kundini kungekuwa kuijaza upya kutoka mwanzo, na kila kilichobaki ndani yake kingepotea. Bosi alinyamaza kidogo, akamtuma kijana mjini kununua.

Kunakili ndiko kulikochukua muda, na ndiko kulikonifundisha zaidi. Alitumia programu ya ddrescue, ambayo husoma kwanza sehemu nzima nzima, ikiruka panapokwama, na kuandika kwenye faili la ramani ni wapi pamesomeka na wapi bado. Baadaye huyarudia yale mabaki polepole. Diski nzima ya terabaiti 4, ikienda kasi ya megabaiti 120 kwa sekunde, yahitaji saa tisa na zaidi. Wenye haraka wakaenda zao. Nilibaki naye na mhasibu, tukiagiza chai na mahamri kwa mama wa nje, na kila baada ya muda naandika asilimia. A ikatoka salama. C ikatoka salama, kwa kebo mpya. B, ambayo hakuna aliyeishuku, ikabakisha kilobaiti 24 ambazo hazikusomeka kwa vyovyote.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini watu wa fani hii huogopa diski ya pili kuliko ya kwanza. Ile ya kwanza kufa yaonekana. Hitilafu ya pili yaweza kuwa imelala kimya kwenye diski nzima, mahali ambapo hapajasomwa kwa mwaka, na huamka siku unapohitaji kila herufi. Utafiti ule wa 2007 ulionyesha kwamba diski ikitoa kosa la kwanza la kusoma wakati wa upimaji, uwezekano wake wa kufa ndani ya siku 60 huwa mara 39 kuliko wa ile isiyo na kosa. Ulionyesha pia kwamba zaidi ya nusu ya diski zilizokufa hazikuwa zimetoa hata moja kati ya dalili nne kubwa za SMART. Kwa hiyo dalili ikiwepo, iamini, isipokuwepo, usitulie. Mfumo wa Debian hupangiwa kusoma kundi zima Jumapili ya kwanza ya kila mwezi ili kuziamsha sekta hizo mapema. Kwenye seva yetu ukaguzi huo ulikuwa umezimwa.

Akaunganisha nakala za A, B na C, kundi likiwa la kusoma tu, akiiacha D nje. Tofauti ya matukio manne kati ya C na wenzake ni ndogo. Amri ya --assemble --force huikubali. Alikagua mfumo wa mafaili bila kuruhusu urekebisho wowote. Kisha folda zikaonekana. Mwaka 2019, 2020, 2021, mpaka Ijumaa ile jioni. Mhasibu alilia. Mimi nilisema Alhamdulillahi kwa sauti, na yule dereva wa Malaba, aliyekuwa amerudi kuulizia, akapata nakala zake.

Binti hakuridhika. Zile kilobaiti 24 za B zilikuwa mahali fulani. Alizijaza kwenye nakala kwa neno la alama alilolitunga, akalitafuta neno hilo ndani ya mafaili yote. Likapatikana katika moja: hati za dhamana za mzigo wa Uganda wa mwaka 2021, zilizoskaniwa, ambazo kurasa zake za kati hazikufunguka. Bosi alisema faili moja kati ya maelfu ni sadaka. Mimi nilijua mzigo ule. Ulikuwa na mabishano ya ushuru ambayo hayajafungwa, na mwenyewe angeweza kudaiwa pesa za kumfilisi.

"Mzee, faili hili liliwahi kuguswa tangu Machi?"

"Halijaguswa tangu 2021. Nimelifunga mwenyewe."

Akatabasamu, akaichukua D.

Nilichelewa kuona anachokifanya, na nilipokiona nilisimama. D ilikuwa imepitwa na wakati kwa kila kilichoandikwa baada ya 14 Machi. Lakini kwa kipande kisichoandikwa tangu 2021, D ilikuwa shahidi mkamilifu. B imepoteza tarakimu yake pale. A, C na D zote bado zina zao, na jumla iliyowekwa 2021 haijabadilika. Diski ya nne ilinakiliwa polepole sana, ikikwamakwama kwenye zile sekta 312, lakini mahali tulipopahitaji palisomeka. Binti aliandika programu fupi ya mistari michache, akachukua vipande vitatu kutoka nafasi ileile, akavipitisha kwenye hesabu ya XOR, ambayo ni kujumlisha biti kwa biti bila kubeba, na kilichotoka akakiweka kwenye pengo la nakala ya B. Tukafungua hati. Kurasa zote zilikuwepo, na mhuri wa forodha ulisomeka mpaka tarehe yake.

Diski ambayo watu wazima wenye nia njema walitaka kuitupa asubuhi ndiyo iliyomwokoa mteja wetu.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini siku ile ilinigeuza mimi, na vijana wenye kompyuta zao haikuwagusa. Jibu langu ni kwamba niliiona kazi yangu mwenyewe. Karani wa nyaraka halipitishi kontena kwa kuwa mteja anapiga kelele. Hulinganisha nambari ya BL na ya kontena, tarehe ya meli na tarehe ya ankara, uzito huu na ule, na panapotofautiana huuliza kabla hajagonga mhuri. Binti yule alifanya hivyohivyo kwa diski. Alizipa utambulisho, akazisoma, akalinganisha tarehe, akatoa nakala, na asili akaifungia kabatini. Nilikuwa nimekaa miaka mingi nje ya mlango nikidhani ndani kuna elimu ya kijini, kumbe ndani watu wasoma hati. Nilimwomba anifundishe, na kila Jumamosi baada ya adhuhuri, ofisi ikishafungwa, alikuja tukakaa. Nilipewa diski kuukuu za kuchezea; tukaunda makundi, tukayavunja kwa makusudi, tukayafufua. Umri haukunizuia. Mke wangu alisema nimekuwa nikizungumza na mashine usingizini, na pengine ni kweli.

Sasa ofisini kwetu kundi ni la RAID 6, linalostahimili kupoteza diski mbili, na zile nne mpya tulizibadilishana na duka ili zisiwe zote za toleo moja la kiwandani, maana ndugu waliozaliwa siku moja huweza kuugua siku moja. Kabla ya kuzipokea niliuliza pia aina ya uandishi wake, kwa kuwa mwaka 2020 ilifichuka kwamba baadhi ya diski zilizouzwa kwa ajili ya makundi zilikuwa za mtindo wa kupandanisha njia za data, ambao husuasua vibaya wakati wa kujenga upya. Onyo la mdadm linakuja kwenye simu yangu na ya mhasibu, na kila mwezi nalijaribu kwa kutuma onyo la uongo, kwa kuwa onyo lisilojaribiwa silihesabu kuwa lipo. Ukaguzi wa Jumapili ya kwanza umewashwa. Kebo hubadilishwa kabla hazijashika kutu. Na kila Ijumaa diski ya nje yenye nakala ya kila kitu huvuka Makupa kwenda kulala kisiwani, kwa sababu RAID haijui kukataa amri ya kufuta, wala haizuii moto wala mwizi. Hilo la mwisho nalisema kwa kila anayenipigia simu, na wengi hukasirika, kwa kuwa waliuziwa RAID wakaambiwa wamemaliza.

Wanaponipigia, nawauliza lile swali la kwanza la binti wa Chaani: kuna mtu ashaandika amri yoyote? Akijibu hapana, nampa pole na kumwambia azime, achukue kalamu, asubiri. Akijibu ndiyo, nauliza ni ipi, neno kwa neno, na naandika.

Wiki hii, kwenye diski yetu ya tatu, nambari ya 197 imetoka sifuri ikawa 8. Hakuna aliyehisi lolote. Mafaili yafunguka, kaunta yaendelea. Nimeandika tarehe, nimemwonyesha bosi ukurasa, na ametia sahihi ya kununua nyingine bila kuuliza swali. Inaletwa Alhamisi. Tutaiingiza kando ya ile ya zamani na kuhamisha data kwa amri ya --replace, ili mgonjwa aendelee kutoa anachoweza kutoa mpaka mwenzake ashike nafasi, kisha nitaiandika nambari yake ya usajili, nitaifunga kwenye mfuko mkavu na kuiweka kabatini pamoja na D.